Jua Halina Kosa, Tuache Kulisingizia

Jumatano, saa 5 usiku, chumbani

Najua nimepotea. Testi zilikuwa zinafuatana kama mabehewa na mimi sapu siitaki tena. Leo nimeshindwa kulala kwa ajili ya ubishi wa mchana pale kantini, kwa hiyo vumilieni, nina hasira kidogo.

Ilikuwa hivi. Jamaa mmoja wa mwaka wa 3, tena anasoma mambo ya umeme, kasema mbele ya meza nzima kwamba sola za vijijini ni usanii mtupu. Eti ni umeme wa kuwadanganyia maskini, unawaka miezi 6 halafu unakufa, bora wanakijiji wasubiri nguzo. Watu wakacheka, wakaitikia. Mimi nikanyamaza, na kilichoninyamazisha ni kwamba ushahidi wake upo nyumbani kwetu, juu ya paa la bibi yangu. Sasa nimeshapata la kumjibu.

Kwetu ni Iramba, Singida. Nikiwa mwaka wa 1, bumu la pili lilipotoka, nilijiona mwanaume. Nikaenda Kariakoo nikanunua paneli iliyoandikwa wati 100, taa 4 na inveta. Betri nikanunua mjini Singida, ya lori, nikaambiwa "hii ni ngumu, haifi". Fundi akapatikana hukohuko. Bibi alivyoona taa ya kwanza inawaka akapiga vigelegele, akaniambia, "Mume wangu, leo umenioa kweli." Nikaondoka kifua mbele.

Mwezi wa 7 nikapigiwa simu. Taa zinawaka nusu saa, zinafifia, basi. Binti wa mjomba, aliyekuwa kidato cha 4, karudi kusomea kibatari, moshi puani mpaka asubuhi. Majirani watatu waliokuwa wanachanga hela nao wafunge, wakazirudisha kwenye mahindi na alizeti. Kijiji kizima kikatoa hukumu: sola ni uongo. Likizo nilipofika nikakuta bibi ameiweka ile betri iliyokufa chini ya kitanda, kaifunika kitenge. Nikamuuliza, "Bibi, hii kwa nini hujaitoa?" Akajibu, "Kitu cha mjukuu wangu hakitupwi." Jamani, niliumia. Na ile kitu ina tindikali na risasi, haifai kulala nayo chumba kimoja.

Nikaamua kufanya kilichotakiwa kufanywa tangu siku ya kwanza: hesabu. Nikaazima futi ya kitambaa kwa mama mmoja mshonaji, nikapanda juu. Paneli ilikuwa sentimita 45 kwa 35. Haya, sikilizeni, hii haihitaji digrii. Jua kali la saa 6 mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri inageuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme, zilizo bora zaidi zinazidi hapo kidogo. Sasa eneo la ile paneli halifiki hata 0.16 ya mita ya mraba. Hata ingekuwa ya dhahabu haiwezi kuvuka wati 35. Lakini stika imeandikwa 100! Nilipigwa changa la macho, na futi ya mshonaji ingeniokoa palepale dukani.

Endelea. Wati 35 kwa saa 5 hivi za jua kamili ni wati-saa 175 kwa siku. Toa vumbi, joto na upotevu wa kwenye waya, unabaki na kama 120. Matumizi je? Taa 4 za wati 5 kwa saa 5, hizo ni 100. Redio na simu, weka 30. Halafu fundi aliwaambia wanaweza kuwasha na TV, wakaazima ya mjomba, wati 40 kwa saa 4, hiyo ni 160. Jumla 290. Yaani ni sawa na mwanafunzi anayepokea elfu 120 na kutumia elfu 290. Sote hapa tunajua mwisho wake.

Na betri yenyewe? Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, iwashe injini, halafu ijazwe tena palepale. Ukiikamua mpaka chini kila usiku unaiua kwa miezi. Ya sola inatakiwa iwe ya kuhimili kukamuliwa, na zile za risasi hata hizo ni vizuri usishuke chini ya nusu. Sikuwa na kontrola, kile kidude cha kukata taa betri ikishuka sana, maana fundi alisema ni gharama ya bure. Na paneli aliilaza upande wa barabarani ili wapita njia waione! Upande huo ni wa kusini, na mwembe unaufunika kuanzia saa 9. Sisi tuko kusini mwa ikweta, paneli hutazama kaskazini, imeinama kidogo, nyuzi 10 hadi 15, mvua ioshe vumbi. Juni na Julai jua linapokaa kaskazini, ya kwetu ilikuwa imelipa mgongo.

Sasa niambieni, katika yote hayo kosa la jua liko wapi?

Muuzaji ana kosa, huyo ni mwizi, hana jina lingine. Fundi ana kosa. Lakini mwenye kosa kubwa ni mimi, na ninyi mnaosoma hapa mmo. Volti mara ampea ni wati, tumeifanya tangu sekondari, tukaijibia mtihani, tukafaulu. Dukani sikuikumbuka hata kidogo. Niliangalia stika kama mtu asiyepita darasani. Bibi yangu hakusoma, alimwamini msomi wake, na msomi wake akamletea takataka kwa hela ya mkopo.

Turudi kwa jamaa wa kantini. "Wasubiri nguzo." Sawa, gridi nami naitaka. Mashine ya kusaga na ya kuchomelea hazitaendeshwa na kapaneli ka juu ya nyumba, sibishani. REA ilianza kazi mwaka 2007 na imefanya kazi kubwa, na bei ya kuunganishwa vijijini ikawekwa shilingi 27,000. Lakini hesabu tuisome vizuri. Vijiji vya Tanzania Bara ni 12,318, vitongoji ni 64,359. Kijiji kinahesabiwa kimefikiwa nguzo zikifika katikati, penye shule na zahanati na maduka. Kitongoji cha bibi kipo ng'ambo ya korongo. Kwenye karatasi kijiji chetu kina umeme, kwake kuna kibatari. Umwambie asubiri mpaka lini? Na anayesema asubiri ni nani? Huyohuyo ambaye umeme wa hosteli ukikatika saa 2 anapiga kelele mpaka walinzi wanakuja.

Wengine mtasema zipo sola za kulipa kidogo kidogo kwa simu. Zipo kweli, tangu M-KOPA ilipoanza kuuza Kenya mwaka 2012 mtindo huo umeenea. Mimi nazisifia kwa jambo moja: muuzaji anataka taa iwake, maana ikizima halipwi. Ila piga jumla ya malipo yote kabla ya kusaini, mara nyingi yanazidi bei ya taslimu, na ukichelewa kulipa taa zinafungwa kutoka mbali. Hesabu ni ileile, hakuna njia ya kuikwepa.

Desemba nilirudi na paneli ya wati 50 niliyoipima kwa futi mbele ya mwenye duka, akinung'unika. Nikaleta kontrola, betri ya sola ya Ah 50, na waya mnene, kwa sababu kwenye volti 12 waya mwembamba unakula umeme njiani. Tulikaa na bibi na binti wa mjomba tukaandika kwa chaki mlangoni: taa 4, redio, simu 3. TV hapana. Bibi akauliza, "Na mjomba wako akija na TV yake?" Nikamwambia amwonyeshe mlango. Mpaka leo naandika zinawaka. Lakini majirani wale watatu hawajarudi, na siwalaumu. Imani niliyoivunja mimi hairudi kwa taa 4.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, hasa ninyi wa umeme na fizikia. Likizo inakuja. Badala ya kushuka kwenye basi na miwani meusi na Kiswahili cha mjini, beba futi na mita ya kupimia volti. Panda paa moja, la kwenu au la jirani. Pima, piga hesabu, waambie ukweli hata kama ukweli ni "mmeibiwa". Ukishafanya hivyo ndipo uje kantini uniambie sola ni usanii, nitakusikiliza.

Jamaa wa kantini, najua unasoma hapa. Kwenu ni wapi, na paa la kwenu umelipanda lini?

Nalala. Kesho kipindi saa 1 asubuhi.