AFYA NYUMBANI: Mkanda wa Jeshi Upandapo Shavuni

Hapa Kabalagala, si mbali na kambi ya polisi ya Nsambya, ugonjwa huu huitwa kisipi. Waswahili huuita mkanda wa jeshi, kwani hushika ubavu mithili ya mshipi wa askari. Lakini hushika uso pia.

Jirani yangu mmoja aliumwa taya usiku kucha, akang'olewa magego mawili mazima. Siku ya tatu shavu lile lile likajaa malengelenge!

Virusi vyake ndivyo vya tetekuwanga. Mtu akisha kupona, hujificha katika mishipa ya fahamu miaka mingi. Viamkapo usoni, maumivu hutangulia malengelenge kwa siku kadhaa, nayo hufanana mno na ya jino. Kwa hiyo mwambie daktari wa meno iwapo ngozi ya shavu inachoma au kuwasha, upande mmoja tu.

Malengelenge yakitokea, dawa ya asaikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Yakifika kwenye paji au ncha ya pua, jicho limo hatarini. Kijana aliyepatwa na apimwe UKIMWI pia, bila kuona haya. Dawa za kuudhibiti zipo.