Kona ya Bwana Shamba: Mtoto Ana Njia Mbili, Achague Masomo Gani?

Ndugu msomaji, mwezi huu hatuzungumzi juu ya mbolea wala dawa ya pamba. Tunazungumza juu ya masomo ya shule. Wapo watakaosema Bwana Shamba ameacha kazi yake. Sikuiacha. Nikizunguka mashambani huulizwa kwanza habari za mvua. Baada ya mvua, wazazi huniuliza: mtoto wangu asome nini?

Ukimwuliza mtoto mwenyewe, mara nyingi atakutajia kazi mbili. Leo anataka kuwa muuguzi, kesho anataka kuwa bibi shamba. Mwingine anataka ualimu, na papo hapo anataka kutengeneza mitambo. Wazazi hukasirika, wakasema mtoto huyu hana msimamo. Mimi sioni ubaya hapo. Kijana wa miaka 15 atajuaje kazi atakayoipenda akiwa na miaka 40? Ubaya huja pale masomo yanapochaguliwa kwa kubahatisha, wakati kazi yenyewe haijachaguliwa.

Tuutazame mfano wa hapa Mkolani. Mkolani iko kusini mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Mtoto anayekulia hapa huona kazi nyingi kwa macho yake. Mjini, juu ya kilima, iko Hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, na hapo hapo kipo chuo kikuu kinachofundisha madaktari na wauguzi. Jirani yetu ni Nyegezi, penye chuo cha uvuvi. Ukifuata barabara kwenda kusini hadi Wilaya ya Misungwi, utafika Ukiriguru. Huko kuna chuo cha kilimo na kituo cha utafiti wa pamba. Zile mbegu za pamba zinazoitwa UK zimepewa herufi hizo kutokana na jina la Ukiriguru.

Kuna mama mmoja hapa kwetu ambaye binti yake yuko Kidato cha Pili. Mama huyu analima nyanya na mchicha bondeni, na anafuga kuku wa kienyeji. Binti ndiye anayewachanja kuku dhidi ya mdondo. Kila baada ya miezi mitatu huwakamata jioni mmoja mmoja, akatia tone moja jichoni, na hakosei. Majirani wameanza kumwita awachanjie wa kwao. Binti anasema anapenda mifugo na kilimo. Lakini shangazi yake ni muuguzi, na kazi hiyo nayo anaipenda. Baba yake anataka uuguzi tu.

Shule ilitoa fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu. Wenzake wengi walikuwa wameamua kuacha Fizikia kwa kuwa ni ngumu. Naye akataka kuiacha. Baba akakubali. Alisema, “Aiache, apumzike. Fizikia ni ya wavulana.” Mama akaja kwangu na ile fomu mkononi.

“Bwana Shamba,” alisema, “mimi nimeisoma fomu yote, lakini sijui ninachokitia sahihi.”

Nilimwita binti, nikampa daftari. Nilimwambia apige mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto aandike uuguzi, upande wa kulia aandike kilimo na mifugo. Chini ya kila kazi aandike masomo yanayotakiwa na vyuo vyake.

Uuguzi ulipata Baiolojia, yaani elimu ya viumbe, kisha Kemia na Fizikia. Vyuo vya uuguzi humtaka mwombaji awe amefaulu masomo hayo matatu katika mtihani wa Kidato cha Nne. Kiingereza na Hisabati humwongezea nguvu. Upande wa kilimo na mifugo aliandika Baiolojia, Kemia, Hisabati na Jiografia. Vyuo vya kilimo navyo hutaka sayansi, lakini kwa kawaida havishikilii Fizikia kama wanavyoishikilia wenzao wa uuguzi.

Halafu nikamwambia apige mstari chini ya masomo yaliyo pande zote mbili. Alipigia Baiolojia, Kemia na Hisabati. Hayo hayana mjadala. Aende njia hii au ile, atayahitaji.

Ikabaki Fizikia, upande mmoja peke yake. Hapo ndipo mama alipoiweka kalamu chini. Binti akiacha Fizikia, uuguzi umekwisha. Baba alikuwa anamtaka binti awe muuguzi, na wakati huo huo amemruhusu kuacha somo ambalo bila hilo chuo cha uuguzi hakimpokei. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Hakuna aliyemweleza.

Ndugu msomaji, jambo hili ndilo ninalotaka ulishike. Mtu asiyejua atakwenda njia ipi ashike kwanza masomo ya njia zote mbili. Kisha atazame ni njia ipi yenye masharti magumu zaidi, alinde somo linaloifungua. Kutoka njia yenye masharti magumu kwenda yenye masharti mepesi ni rahisi. Kurudi ni kazi. Binti mwenye Fizikia anaweza kuamua baadaye kwenda kilimo, na Fizikia yake haitamdhuru. Binti asiye na Fizikia hawezi kuamka asubuhi moja akaamua kwenda uuguzi. Itambidi afanye mtihani upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, alipe ada ya mtihani, atafute mahali pa kufanyia mazoezi ya maabara, na apoteze mwaka mmoja au zaidi.

Jambo hilo hutokea tena Kidato cha Tano. Huko wanafunzi huchagua tahasusi. Tahasusi ni mkusanyiko wa masomo matatu ambayo mwanafunzi atayasoma kwa miaka miwili. Chukua tahasusi mbili zinazofanana sana, PCB na CBG. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. Tofauti yake ni somo moja. Lakini mwenye PCB aliyefaulu anaweza kuomba udaktari wa binadamu, na anaweza pia kuomba shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Mwenye CBG anaweza kuomba kilimo, ila udaktari wa binadamu hataupata, kwa sababu vyuo vikuu hutaka masomo yote matatu ya PCB. Nimewaona vijana wakilia kwa ajili ya herufi moja.

Nimesema habari za Hisabati kwa haraka, nami sitaki zipite. Watoto wengi hudhani muuguzi na bwana shamba hawahitaji hesabu. Twende kazini tuone. Mfuko wa mbolea ya Urea una kilo 50, na umeandikwa 46. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za Urea mna kilo 46 za naitrojeni, chakula cha mmea. Basi katika mfuko mmoja mna kilo 23. Bwana shamba asiyeweza kupata hiyo 23 atamwambia mkulima aweke nini? Na muuguzi naye, daktari akiandika dawa ya miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, na mtoto ana kilo 12, lazima ajue kwamba ni miligramu 180. Akikosea kidogo, mtoto ndiye anayeumia. Hesabu ni moja, ila mmoja anapima mahindi na mwingine anapima mtoto.

Tunao mfano wa mtu anayejulikana na wote. Hayati John Magufuli, aliyekuwa Rais wetu tangu mwaka 2015 hadi alipofariki mwaka 2021, alisomea ualimu wa Kemia na Hisabati. Mwaka 1982 alianza kufundisha masomo hayo katika Shule ya Sekondari Sengerema, ng'ambo ya ghuba. (Siku hizi tunavuka kwenda huko kwa Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Waliolijenga hawakuiacha Fizikia.) Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa masomo yale yale. Tangu mwaka 1989 hadi 1995 hakuwa darasani. Alikuwa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza hapa Mwanza, chama cha wakulima wa pamba. Mwalimu amekuwaje mtu wa kiwandani? Ni kwa sababu Kemia inaingia katika kazi zote mbili. Aliyoyasoma kwa ajili ya njia moja yalimfungulia ya pili. Siasa ilikuja baadaye, na hiyo haina tahasusi.

Hata Mwalimu Nyerere, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alifundisha Baiolojia na Kiingereza kule Tabora. Somo moja la sayansi na moja la sanaa. Kwa hiyo mtoto anayependa vitu viwili si mgeni katika nchi hii.

Sasa niseme upande wa pili, maana ushauri wa upande mmoja hudanganya. Sisemi kila mtoto arundikiwe masomo. Ng'ombe wawili hawavuti plau tatu. Zitazame alama zake za mihula yote, si za mtihani mmoja. Kama amekuwa akipata sifuri katika Fizikia tangu Kidato cha Kwanza, na mwalimu anakwambia amejitahidi, basi mkubali. Ni afadhali afaulu Baiolojia na Kemia vizuri aende kilimo kwa moyo mweupe. Lakini kama anapata alama za wastani na anaogopa tu kwa kuwa wenzake wanaogopa, asiache. Daraja la Kidato cha Nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye masomo tisa akipata alama ndogo katika moja, hilo moja halimwangushi. Na kama hapana budi kupunguza mzigo, apunguze somo la hiari ambalo halimo upande wowote wa karatasi yake.

Uliza pia kama shule ina mwalimu wa somo hilo. Yapo maeneo ambako Fizikia iko kwenye ratiba tu, mwalimu hayupo. Hilo lisemwe katika mkutano wa wazazi, kwa adabu na kwa kurudia. Mtoto asilaumiwe kwa kushindwa somo ambalo hakufundishwa.

Habari za Fizikia kuwa ya wavulana sitazijibu kwa maneno mengi. Nendeni Bugando mkahesabu wauguzi wa kike wodini. Wote wanaosomea kazi hiyo siku hizi wanatakiwa wawe wameifaulu.

Mzazi asitegemee alivyosoma yeye, wala alivyosoma kaka wa mtoto. Mambo yamebadilika. Mtaala mpya ulianza mwaka 2024, na sasa sekondari ina mikondo miwili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Amali ni mafunzo ya kazi za mikono na ufundi, kilimo kikiwemo. Mwaka huo huo Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 za zamani, zikawa 65. Si kila shule inazo zote. Masomo ya lazima na ya hiari ni vizuri kumwuliza mwalimu wa taaluma shuleni. Masharti ya vyuo huandikwa katika kitabu cha mwongozo kinachotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya kazi. Kinapatikana kwenye simu bila malipo, na kijana yeyote mwenye simu kubwa anaweza kukufungulia. Msome wenyewe. Msitosheke na maneno ya kijiweni, wala na yangu, kwa kuwa masharti hubadilika.

Jambo jingine wengi hawalijui. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hujaza tahasusi na vyuo kabla ya mtihani. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hutoa muda wa kubadili. Muda huo si mrefu, na wengine hupitwa kwa sababu hawakusikia. Mtoto akifanya vizuri katika somo ambalo hakulitegemea, wakati wa kukaa tena na karatasi yenye mstari katikati ni huo. Huenda njia ya pili ndiyo imekuwa ya kwanza.

Yule binti alibaki na Fizikia. Kazi bado hajachagua. Baba yake alitaka kwanza aoneshwe mahali palipoandikwa kwamba uuguzi unataka Fizikia. Binti akamfungulia ukurasa kwenye simu ya shangazi, akasoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kisha akatia sahihi. Wamekubaliana kwamba likizo ijayo binti akae wiki moja kwa shangazi auone uuguzi ulivyo, pamoja na zamu za usiku. Wiki nyingine atafuatana nami mashambani, jua likiwa utosini. Mimi nimemwambia aje na viatu vya kufunika miguu, maana mbuga yetu mvua ikinyesha haimwachi mtu na kandambili.

Mwezi ujao nitajibu maswali matatu yaliyoletwa juu ya nyanya zinazooza kitako. Walioleta maswali ya bei ya pamba wasubiri kidogo.