Mtoto mchezaji na imani yake: nani aamue uwanjani?

Mechi ya saa 10 jioni katika mwezi wa Ramadhani ina hesabu yake. Kijana aliyekula daku kabla ya alfajiri anaingia uwanjani akiwa hajagusa maji kwa zaidi ya saa kumi, na filimbi ya mwisho inapopulizwa futari bado haijafika. Tabora hesabu hiyo huchelewa kidogo zaidi, kwa sababu mji uko mbali magharibi na jua huzama karibu dakika 25 baada ya Dar es Salaam. Adhana ya magharibi inayotoka kwenye televisheni ya Dar si ya mtoto wa Isevya wala Ng'ambo, na wazazi wa huko wanaijua kazi ya kumzuia mdogo asiuvamie uji kabla ya wakati.

Ndipo maswali yanapoanza nyumbani. Kijana yumo kwenye timu ya shule, kocha anamtegemea, na yeye mwenyewe amesema hatakula. Baba anaona fahari. Mama anaangalia midomo iliyokauka. Kocha anasema mchezaji asiyekunywa maji hampangi. Kwa jirani Mkristo swali lina sura nyingine: binti anapiga magoti katikati ya uwanja kila anapofunga goli na wenzake wameanza kumwita mchungaji, au kijana wa familia ya Wasabato amegoma kucheza nusu fainali kwa kuwa imepangwa Jumamosi. Ni watoto wanaoonyesha imani yao waziwazi, na watu wazima wanaogombana juu ya vichwa vyao.

Ugomvi wa namna hii uliwahi kulikumba taifa kubwa la soka. Machi 2024, Shirikisho la Soka la Ufaransa lilishikilia kwamba ratiba za chakula na mazoezi katika kambi za timu za taifa, zikiwemo za vijana, hazitabadilishwa kwa ajili ya Ramadhani, na kwamba wachezaji waahirishe kufunga hadi kambi iishe. Mahamadou Diawara, kiungo wa Lyon aliyekuwa na miaka 19, akaondoka kwenye kambi ya vijana wa chini ya miaka 19. Shirikisho lilijitetea kwamba linalinda kanuni ya kutopendelea dini yoyote. Waliolipinga walisema kijana amelazimishwa kuchagua kati ya jezi ya nchi yake na ibada yake. Mjadala ulikwenda mbali, hadi kwenye siasa za wahamiaji na maana ya kuwa Mfaransa, na kijana mwenyewe akabaki kuwa mfano tu katika hoja za watu ambao hawajawahi kumwona akigusa mpira.

Nchi jirani ya Uingereza ilipita njia nyingine bila kelele. Aprili 2021, Leicester na Crystal Palace walipokuwa wakicheza jioni, mchezo ulisimama kidogo wakati wa mpira wa goli ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Ilichukua muda mfupi kuliko golikipa anayepoteza muda timu yake ikiongoza. Watunisia walikuwa wajanja zaidi. Katika mechi za kirafiki kabla ya Kombe la Dunia la 2018, golikipa wao Mouez Hassen alijilaza chini kama aliyeumia jua lilipozama, wenzake wakakimbilia pembeni kupata tende na maji. Mzazi asimfundishe mtoto kudanganya refa, lakini kisa kile kiliwachekesha wengi, na kinaonyesha jinsi tatizo lenyewe lilivyo dogo pale watu wanapotaka kulimaliza.

Tabora ina sababu ya kulielewa jambo hili kuliko miji mingi. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa, na wafanyabiashara Waislamu waliojenga Kwihara na maeneo ya jirani waliacha misikiti na ndoa. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walifika 1878 kwa njia ileile ya miguu, na baadaye Wamoraviani wakajenga makanisa yao katika nchi ya Wanyamwezi. Reli ilipofika mwaka 1912 watu walizidi kuchanganyika. Katika ukoo mmoja kuna shangazi aliyehiji na mjomba mwalimu wa katekisimu, na wote wawili huenda kumshangilia mtoto yuleyule.

Njia hiyo ya misafara sasa ni njia ya mpira. Katika msimu wa 2023/24 na wa 2024/25 Ligi Kuu ilikuwa na Dodoma Jiji, Tabora United na Mashujaa ya Kigoma, klabu tatu katika mstari ambao wapagazi waliupita na mizigo kichwani. Watoto wa Tabora waliiona timu yao, Nyuki wa Tabora, ikiwafunga Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam mwezi Novemba 2024, na tangu hapo kila kiwanja cha vumbi kina kijana anayeamini zamu yake inakuja. Anaiga yote: mtindo wa nywele, namna ya kupiga penalti, na pia namna ya kushukuru. Akimwona mchezaji amesujudu, naye anasujudu. Akimwona mwingine amechora ishara ya msalaba na kuinua vidole juu, naye anafanya hivyo.

Ni vigumu kuona ubaya hapo. Mwaka 2012 kwenye Olimpiki ya London, Mo Farah, mzaliwa wa Somalia, alishinda mbio za mita 10,000 akasujudu kwenye tartani mbele ya watu elfu themanini. Siku sita baadaye, katika uwanja uleule, Meseret Defar wa Ethiopia alishinda mita 5,000, akachomoa kifuani picha ya Bikira Maria na Mtoto Yesu na kuishika mbele ya uso wake akilia. Mwislamu na Mkristo kutoka pembe moja ya Afrika, na wala hakuna aliyepunguza furaha ya mwenzake. (Tena ajabu ni kwamba wapo mashabiki wa hapa nchini wanaonung'unika mchezaji akisujudu, lakini wako kimya timu yao inapokataa kuingia kwa mlango rasmi kwa imani za kishirikina, hadi Bodi ya Ligi inatoza faini.)

Shida huja pale imani inapowekwa kwenye ubao wa matokeo. Kisa kinacholieleza hilo vizuri ni cha Mmarekani Tim Tebow, katika ule mpira wao wa kubeba mikononi. Nafasi yake ndiyo ya mpangaji wa mashambulizi, anayepokea mpira na kurusha pasi. Alipokuwa chuoni aliandika aya za Biblia kwenye rangi nyeusi iliyopakwa chini ya macho, ikiwemo Yohana 3:16, na akiwa Denver Broncos mwaka 2011 alizoea kupiga goti moja na kuinamisha kichwa kusali. Vijana wa nchi nzima wakamwiga, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka.

Timu ilikuwa imeanza vibaya. Alipopewa nafasi, ikashinda mechi saba kati ya nane, nyingine dakika za mwisho kabisa. Januari 2012 aliitoa Pittsburgh kwenye mtoano katika muda wa nyongeza, na hesabu ya pasi zake ikawa yadi 316. Waliompenda wakasema ni 3:16, Mungu amejibu. Ukweli mwingine ulikuwa kwamba msimu ule chini ya nusu ya pasi zake ndizo zilizofika. Wiki iliyofuata timu ilifungwa vibaya. Miezi miwili baadaye Broncos walimsajili Peyton Manning, na Tebow akauzwa. Aliyesema pasi zake ni dhaifu aliitwa adui wa Mungu, na aliyesema anajitahidi aliitwa mlokole aliyepofuka. Swali la kawaida la mpira, kama kijana huyu anajua kurusha au hajui, lilikosa watu wa kulijibu kwa utulivu.

Mzazi anayemwambia mwanawe baada ya ushindi kwamba Mungu ametupa mechi hii amefanya kosa dogo ambalo bei yake hulipwa siku ya kufungwa. Mtoto wa miaka 13 anafikiri moja kwa moja: kama tulishinda kwa sababu nilisali, tumefungwa kwa sababu gani? Na golikipa wa upande wa pili, aliyesali pia? Kumshukuru Mungu kwa afya, kwa miguu, kwa kumaliza bila kuvunjika, hilo mtoto anaweza kulibeba siku ya 3-0 na siku ya 0-3.

Mengine ni ya kupangwa mapema, na hapa wazazi wengi huchelewa. Kocha asiujue mfungo wa mchezaji wake siku ya mechi. Aambiwe wiki mbili kabla, ili mazoezi mazito yasogezwe karibu na magharibi, na mtoto apate maji na chakula muda mfupi baada ya kuchoka. Mtoto ambaye hajabaleghe hana faraja ya kufunga iliyo ya lazima juu yake. Kama anajizoesha, siku ya mechi inaweza kuwa siku ya kupumzika. Msafiri naye amepewa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, jambo ambalo timu inayotoka Tabora kwenda mashindano mkoa mwingine inaweza kumuuliza sheikh wake. Lakini aliyebaleghe na kuamua kufunga asitishwe kwa kunyimwa namba. Akionyesha kizunguzungu, atolewe kama anavyotolewa mwenye malaria.

Kwa Wasabato, ratiba ndiyo kila kitu. Waandaaji wengi wa mashindano ya shule wanaweza kubadilishana Jumamosi na Ijumaa mchana au Jumapili jioni ikiwa barua imefika kabla ratiba haijabandikwa. Ikishabandikwa, mtoto ndiye anayebaki kati ya mchungaji na mwalimu wa michezo.

Kuhusu maandishi, sheria za mchezo ziko wazi: ujumbe wa kidini, wa kisiasa au wa kibinafsi hauruhusiwi kwenye vifaa vya mchezaji, na katazo hilo linahusu hata fulana ya ndani ikionyeshwa. Kuvua jezi kushangilia ni kadi ya njano hata kama fulana haina neno. Kusujudu, kupiga goti na ishara ya msalaba hazimo katika katazo hilo. Ni vyema kijana alijue hili kutoka nyumbani kuliko kulijua kwa kadi.

Na ipo ile dua ya pamoja kabla ya kuingia. Katika timu iliyochanganyika, makocha wengine humwachia Mwislamu leo na Mkristo mechi ijayo, wengine huwapa dakika moja ya kimya. Yupo pia mtoto asiyetaka kushikana mikono kwenye duara lile, labda kwa aibu, labda nyumbani kwao hawasali. Huyo aachwe afunge kamba za viatu vyake taratibu, na asiulizwe chochote hadi wenzake watakapomaliza.