Kampuni si fulana ya kampeni!

VIJANA wa Mpanda, leo tuzungumze bila kuoneana haya. Siku hizi ukikata mtaa kuanzia Makanyagio, ukapita Majengo hadi Nsemulwa, kila kijiwe kina mkurugenzi wake. Huyu ni Mkurugenzi Mkuu, yule ni Mkurugenzi Mtendaji, na wa tatu ana kadi yenye neno "Limited" kwa herufi za kung'aa. Ukiuliza kampuni inafanya kazi gani, unaambiwa inasubiri tenda. Ukiuliza ritani za mwaka zilipelekwa lini, unatazamwa kama umemtukania mtu mama yake!

Fulana ya kampeni unapewa bure. Unaivaa siku ya mkutano, unaimba mpaka sauti inakauka, na kura zikishahesabiwa inageuka dekio la kufutia baiskeli. Kampuni haiko hivyo, ndugu yangu. Ukishaizaa inataka kula kila mwaka, iwe imepata tenda au haikupata. Na ukiitupa jalalani, iko siku itakufuata nyumbani kwako kudai haki yake.

Kwanza tujiulize, hiyo "Limited" maana yake nini? Maana yake ni kwamba sheria imekubali kumtambua mtu wa pili ambaye si wewe. Mtu huyo hana miguu wala tumbo, lakini anaweza kununua lori, kukopa, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake mwenyewe. Akifilisika, mwanahisa anapoteza kile alichoweka au alichoahidi kuweka katika hisa zake, basi. Kitanda chake, baiskeli yake na kiwanja cha baba yake havimo.

Ubishi huu ulimalizwa zamani kule London. Fundi viatu mmoja, Aron Salomon, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892, wanahisa wakiwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Kampuni ikaanguka, wenye kudai wakataka kumkamata yeye. Mwaka 1896 wakubwa wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakasema kampuni ni mtu mwingine, mkadaini huyo. Sheria hiyo ikapanda meli na wakoloni ikaja Tanganyika. Tukaishi na sheria yao ya makampuni ya mwaka 1932 hadi Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ilipoanza kutumika mwaka 2006.

Na sisi wa Mpanda tusijifanye wageni wa jambo hili. Mji huu wenyewe ulikuzwa na Limited! Ilikuwepo Uruwira Minerals Limited, iliyochimba madini ya risasi hapa enzi za mkoloni. Reli inayotoka Kaliua hadi Mpanda, zaidi ya kilometa 200 za pori na mbung'o, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya mgodi huo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kampuni ikaenda zake, reli ikabaki, na wazee waliobeba mawe wakabaki na vifua vyao. Kwa nini wageni waliweza kukusanya mtaji wa kuchimba porini, na mwenyeji akaishia kubeba mawe? Moja ya sababu ni hiyo hiyo karatasi. Wenzetu walijua kuunganisha fedha za watu wasiojuana chini ya jina moja, kila mmoja akijua hasara yake itaishia wapi. Sisi tulijua kuunganisha nguvu za mikono tu.

Sasa karatasi hiyo iko mikononi mwako. Huhitaji tena kupanda treni kwenda Dar es Salaam kupanga foleni. Tangu mwaka 2018 maombi ya Brela, wale Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yanapitia kwenye mtandao. Unahitaji namba ya kitambulisho cha Taifa, jina ambalo halijachukuliwa, wakurugenzi wasiopungua wawili, katibu wa kampuni, anwani ya ofisi, katiba ya kampuni na ada inayopanda kadiri mtaji ulioandika unavyopanda. Kwa hiyo yule anayeandika mtaji wa mamilioni ili aonekane kigogo, huku mfukoni ana nauli ya bodaboda, anajiongezea ada kwa ajili ya sifa.

Lakini hapo kwenye katiba ndipo vijana wengi wanapoingizwa mkenge. Kishoka anatoa katiba ya kampuni ya mtu mwingine, anafuta jina, anapachika lenu, mnasaini bila kusoma. Tuseme ninyi ni watatu, mmoja wa Kawajense ana pikipiki ya matairi matatu, mwingine wa Makanyagio ana mashine ya kukoboa mpunga, na wa tatu ana mdomo wa kutafuta wateja. Nani ana hisa ngapi? Mwenye mdomo akihamia Mwanza, hisa zake anauza kwa nani? Mmoja akifa, mjane anaingia wapi? Mkiwa hamna kitu mnaitana kaka na mdogo wangu. Ikishaingia milioni kumi ya kwanza ndipo undugu unapokwenda polisi. Yaandikeni mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Baada ya cheti ndipo kazi inapoanza. Kila mwaka kampuni inatakiwa kupeleka taarifa yake ya mwaka Brela, ndani ya siku 28 baada ya tarehe yake. Humo unasema wanahisa ni nani, wakurugenzi ni nani, ofisi iko wapi. Usipopeleka, faini inahesabiwa mwezi kwa mwezi, kimya kimya, kama maji ya bomba bovu. Mkibadilisha mkurugenzi, Msajili aarifiwe ndani ya siku 14, msingoje mpaka mgombane. Na tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2020, kampuni inatakiwa kumtaja mmiliki wake halisi, yule mtu wa nyama na damu anayekula faida, hata kama kwenye hisa limeandikwa jina la shemeji.

Upande wa kodi ndiko kwenye kilio. Wewe unayeuza mchele kwa jina lako mwenyewe uko katika kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, ambayo mwaka 2019 kikomo chake kilipandishwa kutoka mauzo ya Sh. milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Kampuni haimo humo, hata iwe ndogo kama kibanda cha chips! Kampuni inakadiria kodi yake ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wake wa hesabu, inalipa kwa awamu, na ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha inapeleka ritani iliyothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa. Kodi ya faida ni asilimia 30. Hakuna faida? Ritani inatakiwa vilevile. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imeweka kima cha chini cha adhabu ya kuchelewesha, kwa kila mwezi, ambacho kwa kampuni ni mara tatu ya kile cha mtu binafsi. Kampuni iliyolala miaka miwili bila kupata hata senti inaweza kuamka na deni.

Ndipo tunapouliza, hivi haya nani kawaambia vijana wa Katavi? Viongozi wakija kwenye semina wanasema "vijana jiajirini, sajilini makampuni", wanapigiwa makofi, wanapanda magari yao, vumbi linabaki. Neno "mhasibu" halitajwi. Neno "ritani" halitajwi. Kumhimiza mlalahoi aingie kwenye nyumba bila kumwambia kodi ya pango ni usanii mtupu, na serikali inayotaka kodi ya kijana huyu ina wajibu wa kumfundisha kabla ya kumtoza faini.

Uchungu unazidi ukikumbuka wakubwa waliichezeaje karatasi hiyo hiyo. Mwaka 2008 tuliambiwa matokeo ya ukaguzi wa akaunti ya EPA pale Benki Kuu. Makampuni 22 yalilipwa zaidi ya Sh. bilioni 133 isivyo halali, na 13 kati ya hayo yalitumia nyaraka za kughushi. Yalikuwemo hata ambayo kumbukumbu zake za usajili hazikuonekana kwa Msajili! Wewe wa Mpanda unatozwa faini kwa kuchelewesha taarifa ya mwaka, mwenzako alilipwa mabilioni bila faili!

Mwaka huo huo Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake juu ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za umeme wa dharura mwaka 2006. Kamati ikaona haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kazi hiyo. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008, na aliyechukua kiti chake alikuwa mbunge wetu wa Mpanda Mashariki wakati huo, Mizengo Pinda. Naam, mtu wa kwetu aliingia Ikulu ndogo kwa sababu ya kampuni isiyo na uwezo! Kama kuna mji wa Tanzania usiotakiwa kusahau madhara ya kampuni ya mfukoni, ni huu.

Sasa wapo vijana watakaosema, "Kama wakubwa walifanya hivyo, mimi ritani za nini?" Thubutu! Kigogo ana wakili, ana simu ya kupiga, ana rafiki wa rafiki. Wewe una nini? Kinga yako pekee ni faili safi. Siku benki au halmashauri ikitaka kukunyima haki yako, haitaanza kusema haikupendi. Itasema taarifa zako Brela zimepitwa na wakati, au huna hati ya kutodaiwa kodi. Usiwape sababu hiyo.

Na kinga yenyewe ina matundu, uyajue. Ukikopa benki kwa jina la kampuni, benki itakuletea karatasi nyingine usaini kama mdhamini wewe binafsi, na hati ya kiwanja cha mzee juu yake. Hapo "Limited" imekwisha. Ukitumia kampuni kutapeli, mahakama inakufuata wewe. Na ukichanganya fedha za kampuni na za sigara na ada ya mtoto katika simu moja, siku ya kesi utashindwa kuonyesha kampuni inaishia wapi na wewe unaanzia wapi. Fungua akaunti yake, weka kitabu chake, kila mkataba uuandike kwa jina lake.

Je, tunasema kila mtu akimbie kampuni? La hasha. Tunasema pima kwanza. Kama uko peke yako na biashara bado inatambaa, jina la biashara linatosha, na kodi yako itakuwa nyepesi, ila ujue deni la biashara ni deni lako mwenyewe. Kama mnataka mkopo wa ile asilimia 10 ya halmashauri, uliosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa 2024, fungu lile la vijana linapitia kwenye vikundi, halidai Limited. Hata ile asilimia 30 ya manunuzi ya umma iliyotengwa kwa makundi maalumu, vijana wanaiingia kwa kikundi. Lakini mkishakuwa wengi, mtaji ukawa wa watu mbalimbali, mikataba ikawa mikubwa na hatari ikawa kubwa, hapo kampuni ndiyo nyumba yenu. Ingieni, mkijua gharama yake.

Na kwa yule ambaye tayari anayo ya kwake imelala, usiiache ioze. Msajili ana uwezo wa kuifuta kampuni isiyofanya kazi. Anaandika barua, anaandika ya pili, kisha anatangaza katika Gazeti la Serikali, ambalo hulisomi. Ikifutwa, mali iliyobaki kwa jina lake inakuwa ya Serikali, lakini dhima yako kama mkurugenzi haifutiki. Kuifufua ni kwenda mahakamani. Kwa hiyo chagua moja. Ama ulipe malimbikizo uihuishe, ama uifunge kwa utaratibu, TRA wakiwa na taarifa na namba yake ya mlipa kodi ikiwa imeshughulikiwa. Maiti hazikwi kwa kufunga mlango wa chumba!

Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, sasa una bandari ya Karema ziwani, lami ya kwenda Tabora, dhahabu, mpunga na asali. Mikataba ya mali hizo itaandikwa kwa jina la kampuni fulani. Kama makampuni ya vijana wa hapa yatakuwa yamefutwa kwa kukosa karatasi mbili kwa mwaka, mikataba itakwenda kwa wanaokuja na treni, na sisi tutarudia kazi ya babu zetu ya kubeba mawe ya Uruwira.

Leo jioni, kabla ya kwenda kijiweni kubishana Simba na Yanga, litafute faili la kampuni yako. Angalia tarehe iliyo kwenye cheti. Hesabu miaka. Halafu tafuta mhasibu. Kazi kwako.