Joto la Ardhini Lahitaji Hesabu Kamili

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, Swidi ilitaabika, kwani nyumba zake nyingi zilipashwa joto kwa mafuta yaliyoagizwa kutoka nje. Leo mafuta hayo ni nadra katika nyumba za nchi hiyo, na miongoni mwa vyombo vilivyoshika nafasi yake ni pampu ya joto la ardhini. Wapo waisifuo pampu hii kana kwamba ni muujiza. Sifa hiyo yapotosha: aachaye nusu ya hesabu yake hupata hasara.

Kanuni yenyewe si ngeni. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu yale yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Vivyo hivyo, ndani ya pampu kimiminiko kichemkacho upesi huchukua joto la ardhini na kuwa mvuke. Mvuke ukikandamizwa huwa moto zaidi, nao hulitoa joto hilo nyumbani. Karibu na Stockholm, makumi machache ya mita chini ya uso, ardhi hubaki na nyuzi 8 hivi za Sentigredi mwaka mzima, hata theluji inapofunika paa. Ndiyo maana sehemu 1 ya umeme huweza kuleta sehemu 3 au 4 za joto.

Hata hivyo, umeme huo watoka wapi? Mtambo uchomao makaa ambao hugeuza thuluthi moja tu ya nishati yake kuwa umeme huifuta karibu faida yote ya pampu. Swidi ilinufaika kwa kuwa umeme wake hutokana zaidi na maji, nyuklia na upepo.

Pili, nyumba ivujishayo joto huilazimisha pampu kupandisha joto juu mno, na kadiri ipandishavyo ndivyo ilavyo umeme. Yafaa kuziba kuta na madirisha kwanza.

Tatu ni tundu lenyewe, ambalo mara nyingi hupita mita 100. Uchimbaji ni ghali, na kishawishi cha kupunguza kina ni kikubwa. Lakini tundu fupi, au lililosongamana na ya majirani, hupoa mwaka hata mwaka, na mwenye nyumba hulipa bili ya umeme aliyodhani ameiepuka.

Hesabu hiyohiyo yatukataza kuiga bila kupima. Dar es Salaam ardhi ina joto la nyuzi 26 hivi, nayo majengo yahitaji kupozwa tu. Joto likimiminwa ardhini bila kutolewa hurundikana humo. Huko kivuli na madirisha yapitishayo upepo vyastahili kutangulia mashine.

Hivyo basi, yapasa kila serikali itoayo ruzuku ya pampu idai kwanza vipimo vya nyumba, tundu na umeme. Ardhi hukopesha joto kwa ukarimu, lakini nayo hudai kulipwa.