Chai ya Milimani

Safari za kamati ya msikiti zimetunywesha chai nyingi mwaka huu. Mjini Lushoto, baada ya sala ya Alfajiri, tulipewa ya rangi yenye tangawizi kali, ikatufaa kuliko koti. Soni tulikuta mchaichai mtupu, bila jani la chai ndani yake. Wenyeji huuita chai, nasi hatukubisha. Tanga mjini iliki ilizidi mno.

Iliyotukaa moyoni ni ya Bumbuli. Mzee aliyetukaribisha ana shamba la michai, lakini majani aliyotupikia yalikuwa ya pakiti, ya kununua dukani. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, wakulima walikosa pa kupeleka majani mabichi, nayo hayangoji: yakishachumwa huharibika upesi. Michai yake ikaachwa, ikarefuka kama miti. "Kunyweni, wanangu," alisema, "huenda hii nayo imetoka milima hii hii."

Sukari ilikuwa haba. Tulipolitazama kopo lake tukafahamu sababu. Tulikunywa vikombe viwili viwili, kisha mdogo wetu katika msafara akatoka kimyakimya kuelekea dukani.