MAARIFA YA NYUMBANI: Ngoma Ikivuma Sana Hupasuka

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Usemi huo ulihusu mti na ngozi, lakini siku hizi yafaa ukumbukwe na kila mwenye gari aliyefunga ndani ya buti spika kubwa ya besi, ile iitwayo sabufa. Chombo hicho si cha bei ndogo. Aghalabu hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi, na katika nyumba nyingi akiba hiyo ndiyo inayotazamiwa pia kwa karo ya watoto na kodi ya nyumba. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba mara nyingi sabufa huungua si kwa ubovu wa kiwandani, bali kwa sababu ya skurubu moja ndogo ambayo mwenye gari hakuelezwa kazi yake.

Skurubu hiyo imo katika amplifaya, yaani kile kisanduku cha chuma kinachokuza ishara hafifu ya redio hata iweze kuisukuma spika. Huzungushwa kwa bisibisi nyembamba, na pembeni yake pameandikwa neno GAIN, au katika amplifaya nyingine LEVEL. Mafundi huiita geini. Watu wengi hudhani kwamba ni kitufe cha pili cha kuongezea sauti, nao huizungusha mpaka mwisho wakiamini kwamba kwa kufanya hivyo wamepata nguvu yote waliyoilipia. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha hasara.

Mizani ya dukani

Kazi ya geini yafanana na kazi ya skurubu ile ya mizani ambayo mwenye duka huirekebisha asubuhi kabla ya kupima. Kuizungusha skurubu hiyo hakuongezi sukari katika mfuko. Kunasawazisha mizani tu ili ipime kwa haki. Redio za magari hazitoi ishara ya nguvu moja. Iko redio inayotoa volti 2, na iko inayotoa volti 4. Kwa hiyo watengenezaji wa amplifaya huweka geini ili kisanduku kimoja kiweze kupatana na redio mbalimbali. Katika amplifaya nyingi alama zake huanzia volti 6 na kushuka mpaka volti 0.2. Anayeizungusha mpaka kwenye 0.2 anaiambia amplifaya kwamba redio yake ni dhaifu mno. Ikiwa redio hiyo kwa kweli hutoa volti 4, basi ishara inayoingia ni kubwa mara 20 kuliko ile iliyotazamiwa.

Matokeo yake ni haya. Amplifaya ina kikomo cha nguvu, mithili ya chumba chenye dari. Wimbi la sauti likikuzwa kupita kikomo hicho, hugonga dari, na kilele chake hukatwa kikawa bapa. Wimbi lililokatwa namna hiyo hubeba nguvu nyingi kuliko wimbi safi la urefu uleule. Likikatwa kabisa hata likawa na umbo la mraba, nguvu yake hufikia mara mbili. Hivyo amplifaya ya wati 200 yaweza kuipelekea spika karibu wati 400, iwapo betri na nyaya zinaistahimili kazi hiyo. Sehemu kubwa sana ya nguvu inayoingia katika spika hugeuka kuwa joto katika koili, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika. Gundi ya koili hulainika, waya huachia, harufu ya kuungua husikika ndani ya gari, kisha spika hukwaruza au hunyamaza kabisa.

Na sikio hupata nini kwa gharama hiyo? Kidogo sana. Kuongeza nguvu mara mbili huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kana kwamba imezidi maradufu, zatakiwa kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Ni dhahiri, basi, kwamba anayeikaza geini kwa ajili ya kuongeza kishindo kidogo anainunua sauti ndogo kwa hatari kubwa.

Wati za kweli na wati za karatasi

Kabla ya kuigusa skurubu, hapana budi mwenye gari ajue nguvu halisi ya vyombo vyake. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Juu ya boksi huandikwa kwa herufi kubwa wati 1500, au hata wati 3000, lakini hizo ni wati za kilele zinazodaiwa kutokea kwa nukta moja tu, na pengine hazitokei kamwe. Wati za kutegemewa ni zile za kudumu, ambazo katika kitabu cha maelezo huonyeshwa kwa herufi RMS, pamoja na ukinzani wa spika uliotumika katika kuzipima, kwa mfano omu 4 au omu 2.

Ipo njia rahisi ya kuupima ukweli wa maandishi hayo, nayo ni kutazama fyuzi zilizomo katika amplifaya yenyewe. Chukuliwe mfano wa amplifaya iliyoandikwa wati 1500 ambayo fyuzi zake kwa jumla ni ampea 30. Injini ya gari inapozunguka, umeme wake huwa karibu volti 14. Volti 14 zikizidishwa kwa ampea 30 hupatikana wati 420. Huo ndio umeme unaoingia kwa kazi ya kudumu. Wala haiwezekani amplifaya itoe kwa muda mrefu zaidi ya kile inachokula. Tena sehemu ya umeme huo hupotea kama joto. Amplifaya za mtindo wa zamani, zinazojulikana kama daraja AB, hutoa kiasi cha nusu au zaidi kidogo, na zile za daraja D hutoa kiasi cha asilimia 80. Kwa hiyo kisanduku hicho kikiwa cha daraja AB, na kitabu chake kikisema wati 225 za kudumu kwa omu 4, maneno ya kitabu yanaaminika, na maneno ya boksi ni debe tupu.

Hali kadhalika spika ichunguzwe. Tuseme ni ya wati 300 za kudumu na ukinzani wa omu 4. Katika kuweka geini hufuatwa namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili, na hapa ni wati 225 za amplifaya. Mwenye spika mbili za omu 4 asisahau kwamba zikifungwa sambamba ukinzani wa jumla huwa omu 2, na zikifungwa kwa mfululizo huwa omu 8. Ikiwa amplifaya haikutengenezwa kwa omu 2, ufungaji wa sambamba utaiharibu.

Hesabu ya kipeuo

Hesabu inayotakiwa haipiti ile ya shuleni. Wati huzidishwa kwa omu, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Katika mfano wetu, 225 mara 4 ni 900, na kipeuo cha pili cha 900 ni 30. Kwa hiyo amplifaya hiyo yapaswa kutoa volti 30, basi. Kwa wati 100 na omu 4 zingekuwa volti 20. Kwa wati 400 na omu 4, volti 40.

Kifaa cha kupimia ni ile mita ya umeme ambayo mafundi huitumia kila siku, na ambayo yaweza kuazimwa kwa jirani. Pamoja nayo yatakiwa sauti ya majaribio ya mitetemo 50 kwa sekunde, iliyorekodiwa katika flashi. Mitetemo hiyo haikuchaguliwa ovyo: ni sawa na ile ya umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki, na mita za bei nafuu zimetengenezwa ziisome vizuri. Flashi yafaa kuliko simu, kwa kuwa simu ina kitufe chake cha sauti ambacho chaweza kuvuruga kipimo.

Kazi yenyewe ifuatwe kwa utaratibu huu:

Kwanza, gari liegeshwe mahali pa wazi na injini iwashwe. Kamwe isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wake ni sumu.

Pili, vitufe vyote vya kuongeza besi, katika redio na katika amplifaya, virudishwe kwenye sifuri. Kuongeza besi kwa desibeli 6 huidai amplifaya nguvu mara 4, na kwa desibeli 12 mara 16. Kichujio cha besi kifunguliwe mpaka upande wake wa juu kwa muda wa kupima tu.

Tatu, sauti ya redio ikiwa chini kabisa, nyaya za sabufa zichomolewe kwenye amplifaya, na geini irudishwe mwanzo.

Nne, sauti ya majaribio ipigwe, na redio ipandishwe mpaka robo tatu ya kipimo chake. Redio yenye namba 40 iwekwe kwenye 30.

Tano, mita iwekwe upande wa umeme geu, kwenye nafasi inayozidi volti zinazotafutwa, na ncha zake zigusishwe mahali zilipochomolewa nyaya za sabufa. Vidole visiguse chuma, kwa kuwa amplifaya kubwa hutoa volti za kutosha kumshtua mtu.

Sita, geini izungushwe polepole mpaka mita isome volti 30. Hapo bisibisi iwekwe chini. Redio ishushwe na kuzimwa, nyaya za sabufa zirudishwe bila kuchanganya chanya na hasi, na kichujio kirudishwe karibu na mitetemo 80 kwa sekunde.

Tangu hapo, namba 30 ya redio ndiyo mpaka. Kila anayelishika gari, awe ni kijana wa nyumbani, ndugu aliyeliazima au utingo, aelezwe hivyo. Geini iliyowekwa kwa haki haisaidii kitu ikiwa mwingine ataipandisha redio mpaka 40.

Asiye na mita

Mtu asiyepata mita aweza kutumia masikio, ingawa njia hiyo haina uhakika wa hesabu. Redio huwekwa kwenye robo tatu, hupigwa wimbo anaoufahamu vizuri, na geini hupandishwa kidogo kidogo. Besi safi huwa ya mviringo, na kila pigo huanza na kumalizika. Mara pigo linapoanza kuwa kavu, kama mtu anayegonga ubao, au besi inapoacha kuongezeka ijapokuwa skurubu inazungushwa, kikomo kimefikiwa. Geini irudishwe nyuma kidogo, na iachwe hapo. Mwenye amplifaya yenye nguvu kuliko sabufa yake asiitegemee njia hii, kwa maana spika yaweza kuungua kwa sauti iliyo safi kabisa.

Nyaya na fyuzi

Iko hasara iliyo kubwa kuliko spika iliyoungua, nayo ni gari lililoungua. Waya unaotoka kwenye betri kwenda katika amplifaya hupita chini ya mazulia na kando ya vyuma. Ukichubuka na kugusa bodi ya gari, mkondo wote wa betri hupita hapo, na waya huwaka kama kaa. Kwa sababu hiyo fyuzi yake iwe karibu na betri, isizidi kiasi cha sentimita 45. Fyuzi iliyomo ndani ya amplifaya hailindi waya uliotangulia. Fundi anayesema kwamba fyuzi ya mbele si lazima asipewe kazi, na fyuzi iliyokatika kamwe isifungwe kwa waya au karatasi ya sigara. Waya wa ardhi nao uwe mnene sawa na ule wa betri, uwe mfupi, na ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Masikio ya watoto

Mwisho, isisahaulike kwamba ndani ya gari hukaa watu. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma, na kwa watoto kipimo ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu. Zikifika 90, mtu mzima amebakiwa na saa 4 tu kwa juma zima. Koili ikiungua hununuliwa nyingine, bali sikio likiharibika halina kipuri. Mtoto asilazwe kiti cha nyuma, mgongoni mwa sabufa, wakati wa safari ndefu. Na mzazi akiona hasikii anachoambiwa na aliye kando yake, ajue ni wakati wa kupunguza.

Kipimo kilichoelezwa hapa ni cha redio ile, amplifaya ile na spika ile. Siku kimojawapo kitakapobadilishwa, hesabu irudiwe upya, na bisibisi ishikwe baada ya hesabu, si kabla yake.